Mtihani Nilioogopa Kufaulu

Vijana wangu wa chumba cha hesabu, mlipokuwa mnaniaga mlinipa zawadi nzuri na maneno matamu mengi, ambayo niliyapokea bila kuyahakiki. Lakini kila mmoja wenu, kwa wakati wake, amewahi kunivuta pembeni na kuniuliza jambo lile lile: "Mama Limi, uliipataje CPA bila kupita chuo kikuu?" Mliuliza kwa heshima, mkidhani kuna siri ya akili au ya ujasiri. Mimi nilikuwa nacheka, nawapa jibu la kuwaondoa mlangoni. Sasa mlango si wangu tena, kwa hiyo nitajibu sawasawa. Sikwenda chuo kikuu kwa sababu niliogopa. Niliogopa kwamba nikienda, mama yangu atauawa.

Vyeo na mshahara sitavieleza. Vyeo mlivisoma mlangoni, na mshahara mlikuwa mnauandaa wenyewe.

Nimezaliwa Mwandoya, usukumani. Baba yangu, Mzee Masanja, alikuwa na shamba la pamba na ng'ombe. Ng'ombe wangapi? Sijui mpaka leo, wala yeye hakujua kwa namna mnavyoelewa ninyi. Kwetu ng'ombe hahesabiwi. Jioni wakirudi, baba alisimama penye mlango wa zizi akawatazama wakipita, na kama mmoja hayupo alimtaja kwa rangi yake na kwa mama yake. Kumnyooshea mnyama kidole ukasema moja, mbili, tatu ni kumwitia mwisho wake. Watu nao ni hivyo hivyo. Ukimuuliza mama yangu ana watoto wangapi, anakujibu, "Wapo." Mkaguzi yeyote angelia.

Mimi nikaenda shule ya bweni, nikaangukia mchepuo wa biashara kwa sababu darasa la sayansi lilikuwa limejaa. Huo ndio mwanzo wangu mtukufu. Lakini siku mwalimu alipotufundisha kwamba kila kinachoingia upande mmoja lazima kionekane kimetoka upande mwingine, nilikaa kitako nikasikiliza. Nyumbani mambo hayakuwa hivyo. Nyumbani ng'ombe akifa, watu hawakuuliza amekufa kwa ugonjwa gani. Waliuliza amerogwa na nani.

Nilimaliza kidato cha sita, nikaenda JKT, nikarudi nyumbani kusubiri. Majina ya waliochaguliwa chuo kikuu yakatoka gazetini na langu lilikuwamo: shahada ya biashara, uhasibu, Dar es Salaam, serikali inalipa kila kitu. Baba hakujua kusoma. Alilichukua gazeti akalikunja, akaliweka kwenye mfuko wa shati, na siku ya mnada akalivaa hivyo kwenda mnadani.

Niliyasikia haya kutoka kwake mwenyewe baadaye. Alikuwa amekaa na wenzake, na mmoja wao akamuuliza, "Masanja, binti yako anakwenda kusomea nini? Udaktari?"

"Hapana," baba akasema. "Anasomea kubala."

Kubala ni kuhesabu. Baba alitafuta neno la uhasibu katika Kisukuma chake, hilo ndilo alilolipata, na akalisema kwa kifua mbele. Watu wakacheka. Mzee Nkwabi, jirani yetu ambaye shamba lake linapakana na letu, hakucheka. Aliuliza, "Kubala nini?"

Na baba, ambaye furaha ilikuwa imemlevya kuliko pombe aliyoishika mkononi, akajibu, "Kila kitu."

Mdomo huponza kichwa, lakini safari hii kichwa hakikuwa cha mwenye mdomo.

Mvua zilipokolea, ndigana, ugonjwa wa kupe, ikaingia. Josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limeishiwa dawa, kupe walikuwa wamejaa kwenye majani, na ndama walianza kufa. Walianza kwa Nkwabi. Leo ningewachorea jedwali nikawaonyesha kwamba waliokufa ni wa upande wa mtoni, kwenye kupe wengi, na kwamba wetu pia walikufa. Lakini hakuna aliyetaka jedwali. Nkwabi alikwenda kwa mganga, na alipotoka huko akasema neno moja ambalo lilizunguka kijiji kizima kabla ya jioni: "Kuna mtu anatuhesabu."

Nilidhani wananisema mimi. Niliogopa kidogo, nikajipa moyo kwamba baada ya wiki chache nitakuwa nimeondoka. Sikuwa nimeelewa. Mimi nilikuwa mtoto tu, na mtoto huwa amefundishwa. Uchawi, waliamini, mtu huupata kwa mama yake. Na mama yangu alikuwa na macho mekundu. Macho ya kila mwanamke anayepikia mabua ya pamba na samadi kavu yana wekundu; mke wa Nkwabi alikuwa nayo pia na hakuna aliyemtazama.

Ninyi mliozaliwa juzi mnaweza kudhani natia chumvi. Wakati ule, na si wakati ule tu, wanawake wa kwetu walikuwa wanakatwa mapanga kwa macho hayo. Hakukuwa na kelele wala kesi. Watu walikuja, wakaondoka, na asubuhi majirani walisema hawakusikia kitu.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa salamu. Mama alikuwa akienda kisimani na kusema, "Mwangaluka," na wenzake walimjibu, lakini wakijibu walikuwa wanatazama ndoo. Kisha wakaacha kuja kuazima chumvi.  Mama alianza kwenda kisimani mapema, kabla ya wengine.

Kisha akaja kijana. Ilikuwa mchana kweupe, mimi niko uani napembua mtama, mama yuko shambani. Sikumfahamu. Alisalimia vizuri, akaomba maji ya kunywa, akachuchumaa kama mtu aliyelelewa. Alikunywa akamaliza, akanirudishia kata kwa mikono miwili. Halafu akauliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia, "Mayu siku hizi analala nyumba ya upande gani?"

Nilimwambia mama analala na baba, nyumba kubwa. Ulikuwa uongo. Akashukuru, akaenda zake. Mimi nilibaki nimeishika ile kata, na ningetaka kuwaambia kwamba nilipiga yowe, lakini sikupiga. Nilikaa chini kwenye mtama.

Jioni ile tulikaa watu watatu ndani ya nyumba kubwa: baba, mama na mimi. Nilisema siendi Dar es Salaam. Baba alisema nitakwenda. Nikamuuliza, "Nani atabaki na mama?" Alisema yeye yupo. Nikamwambia, "Wewe unalala na ng'ombe huko malishoni nusu ya mwaka, baba." 

"Basi mama aondoke kabla yako," akasema mwisho. "Aende kwa kaka zake Mwamapalala."

Mama akakataa. "Nikikimbia nimekiri," alisema. "Watanifuata huko, na safari hii kaka zangu nao watakuwa na hofu nami."

Alikuwa sahihi. Mwanamke wa kwetu haondoki kwake bila sababu ambayo watu wanaikubali. Anaondoka akifiwa. Anaondoka akienda kumlea binti aliyejifungua. Au anaondoka akienda kumtunza mtoto asiyeweza kujitunza. Kujifungua kulikuwa kunahitaji maandalizi ambayo sikuwa nayo. Nikabakiwa na hilo la mwisho.

"Nitatafuta kazi Bariadi," nikasema. "Kazi ya ukarani. Mseme sijui kupika."

Baba alinitazama. "Hujui kupika kweli," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza wiki ile mtu kucheka nyumbani kwetu. Kisha akalia. Sikuwahi kumwona baba akilia, na nilitamani atoke nje kwanza. Alisema, "Nilisema neno moja tu. Nilisema kwa furaha."

Mnada uliofuata alikwenda tena, bila gazeti. Akawaambia wote waliotaka kusikia kwamba binti yake ameacha kubala, hafai, akili imegoma. Amepata kazi ya kuandika Bariadi. Kuandika tu. Na kwamba mama yake anakwenda kumpikia mpaka amalize kujifunza, maana msichana mwenyewe anaunguza hata maji. Alinidhalilisha mbele ya mnada mzima kwa ufundi mkubwa. Tuliondoka juu ya lori la pamba, mama amekaa kwenye robota na sufuria zake, na sikugeuka nyuma mpaka tulipovuka mto.

Hivyo ndivyo nilivyochagua chuo.

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ofisi ile ile mliyonikuta, nilikutana na Mzee Temu, mkuu wa hesabu, Mchaga wa Rombo aliyekuwa amekaa usukumani mpaka anaota kwa Kisukuma, lakini anakataa kula michembe, viazi vitamu vyetu vya kukausha. Hakunikaribisha. Alinipa karatasi tupu akaniambia niandike tarakimu, sifuri mpaka tisa, mstari baada ya mstari. Nilidhani ni jaribio la dakika chache. Niliandika tarakimu mpaka wakati wa kufunga ofisi.

"Saba yako inafanana na moja," aliniambia. "Humu ndani, saba inayofanana na moja ni mtu anayelala rumande."

Wiki ya pili nilipewa mashine ya kujumlisha, ile yenye mkono wa kuzungusha pembeni, ambayo mliikuta stoo mkadhani ni ya kusagia nyama. Sheria zake Mzee Temu zilikuwa chache. Usifute: kata kwa mstari mmoja ili kosa lisomeke, andika sahihi juu yake, tia saini. Usimwachie mtu kalamu yako. Usiguse wino wa kijani, huo ni wa mkaguzi. Na hati ya malipo isiyo na kiambatanisho ni hadithi, irudishe kwa aliyeitunga. Ninyi mnabonyeza mfumo, nao unakataa wenyewe kwa niaba yenu. Sisi tulikuwa tunakataa kwa mdomo, tukimtazama mtu usoni, na wengine walikuwa wakubwa.

Siku moja alinivuta pembeni. "Jina lako nililiona gazetini," alisema. "Serikali inakusomesha bure, wewe uko hapa unaandika stakabadhi. Una akili timamu?"

"Mama hana mtu, mzee," nikasema.

 Nikarudi kwenye stakabadhi zangu. Akaenda zake, na baada ya siku kadhaa akaniwekea mezani mtaala wa mitihani ya bodi ya wahasibu, ile ya CPA. "Kuna njia nyingine," alisema. "Unaanza chini kabisa, ngazi ya mafundi hesabu, unapanda. Unafanya kazi huku unasoma. Wenzako wenye shahada wanasamehewa masomo mengi, wewe hutasamehewa hata moja. Hakuna mwalimu, hakuna bweni. Utafeli."

"Nitafeli?"

"Kila mtu anafeli. Wengine wanarudi mwezi Novemba kurudia, wengine hawarudi."

Hapa niwape ushauri mliokuwa mnautaka, maana najua baadhi yenu mmeruka mpaka aya hii. Ukiweza kupata shahada, nenda kapate shahada, usijifanye shujaa. Njia yangu si ya kishujaa, ni ndefu tu. Ukianza na cheti au stashahada, panda usikae, kwa sababu ukikaa utapata kiti chenye mto na hutainuka tena. Usichague chuo kwa jina la mji. Uliza wanafunzi wake wangapi wanafaulu mitihani ya bodi, na kama hawataki kukujibu, wamekujibu. Fanya mitihani iliyopita kwa saa, umeketi, bila chai. Somo la ukaguzi halifauliwi kwa kukariri, na sheria ya kodi inabadilika kila mwaka, kwa hiyo kitabu cha kaka yako kitakudanganya. Na kabla ya yote hayo, uliza nani anabaki nyumbani. Hilo halimo katika mtaala wowote.

Nilipanga chumba na sebule mjini. Mama alipika, akapanda mchicha kando ya ukuta, akasalimia majirani ambao hawakujua chochote kuhusu macho yake. Mimi nilisoma. Wakati wa mitihani nilikwenda Mwanza, na kila nikiwa Mwanza sikumwazia msimamizi wala maswali. Niliwaza mlango wa chumba chetu, kama mama amekumbuka kuuweka komeo. Nilifeli. Nilirudi Novemba. Nilifaulu baadhi, nikafeli mengine, nikarudi tena. Kawia ufike, wanasema waliokwisha kufika.

Baba alikuja kila alipouza pamba, na michembe na karanga. Alikaa siku chache, akamwuliza mama jambo moja tu: "Amekaribia kumaliza?" Mama alijibu, "Bado." Na nilikuwa namwona baba anavyopumua, kana kwamba ameshusha mzigo. Kwa sababu kijijini tulikuwa tumesema mama atakaa mpaka nimalize masomo. Siku nikimaliza, sababu yake imekwisha. Mke wa mtu mwenye nyumba Mwandoya angekaa Bariadi anafanya nini?

Safari moja baba alikuja na habari kwamba bibi mmoja wa kijiji cha jirani ameuawa. Hakutaja jina. Mama aliendelea kusonga ugali, halafu akalitaja jina mwenyewe, akauliza kama ndiye. Alikuwa ndiye. Walikuwa wamecheza ngoma pamoja wakiwa wasichana.

Sasa mtaelewa kilichonitokea nilipofika ngazi ya mwisho na kubakiza somo moja. Ndugu zangu, watu wote wanaogopa kufeli. Mimi nilikuwa mtu pekee katika ukanda huu wa ziwa aliyekuwa anaogopa kufaulu. Nilipeleka ada ya mtihani nusu ya njia nikarudi nayo. Msimu uliofuata nikasema kazi ni nyingi, tunafunga mwaka. Msimu mwingine nikasema naumwa, na kweli niliumwa, tumbo lilinikata siku ya mwisho ya kujiandikisha mpaka dirisha lilipofungwa, kisha likapona.

Mzee Temu alikuwa anakaribia kustaafu na alikuwa amenikasirikia. "Unaogopa mtihani," alisema.

"Naogopa, mzee."

"Kufeli?"

Nikamwambia yote. Neno la baba, ndama, yule kijana na kata ya maji. Alivua miwani akaisafisha kwa tai, na tai yenyewe ilikuwa chafu. Nilitegemea aniambie la kunisaidia, maana alikuwa na jibu la kila kitu.

"Kwa hilo sina ushauri," alisema. "Mimi naweza kukufundisha kodi tu."

Aliyemaliza jambo hilo ni mama. Jumapili moja baada ya kanisa alikuwa anapanga vyombo, akasimama mbele ya rafu yangu.

"Vitabu vimelala," alisema.

"Nimechoka, mayu."

"Hujachoka. Unaogopa mimi nikirudi."

Sikujua kama alijua. Nilimuuliza, "Na wewe huogopi?"

"Naogopa," alisema. "Kule nilikuwa naogopa, na hapa naogopa. Ila hapa naogopa bila shamba langu, bila mume wangu, na makaburi ya watoto wangu yamemea majani. Fanya mtihani wako, ng'wanawane. Sitaki kuwa kamba ya kumfunga mtu."

Nikaufanya. Sikumbuki maswali. Nakumbuka saba zangu zilivyoanza tena kufanana na moja. Matokeo yalipofika ofisini nililia mbele ya watu, na wenzangu wakanibeba juu juu wakidhani ni furaha. Mzee Temu peke yake hakunibeba. Alinishika bega akasema, "Pole," halafu akakumbuka, akasema, "Hongera." Nilipofika nyumbani, mama alikuwa ameshajua kwa uso wangu, na kabla sijamaliza kusema alikuwa anakunja khanga zake.

Nilimsindikiza. Baba alikuwa barabarani tangu asubuhi, amevaa koti. Majirani walikuja kusalimia, na Nkwabi alikuja nao, akasema, "Umerudi, mayu," na mama akasema, "Nimerudi." Nilimtazama Nkwabi mikono yake yote, kama mtu anayekagua. Hakikutokea kitu. Nililala siku chache, hakikutokea kitu, nikarudi kazini.

Mtu angesema hadithi inaishia hapo, mambo yakawa shwari. Lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na mimi nilikaa nikilingoja. Nililingoja kila mvua ilipochelewa na kila niliposikia ugonjwa wa mifugo redioni. Mlikuwa mnaninung'unikia kwamba Mama Limi hafungui mlango asubuhi mpaka amalize simu zake. Ilikuwa simu moja. Nilikuwa nampigia mama kusikia ameamkaje, na akichelewa kupokea, ninyi mlisubiri nje na hati zenu. Na ule uhakiki wa watumishi, mlipocheka kwamba mhasibu mzima hawezi kuhesabu watu waliosimama mstari, anawaita majina mmoja mmoja: sasa mnajua. Fedha nimehesabu maisha yangu yote. Watu sijawahi kuwanyooshea kidole.

Baba alifariki kwa uzee wake, kitandani kwake. Nilimwomba mama aje tena mjini. Alisema shamba halina mtu. Nikawa nahesabu, samahani, nikawa nangojea kustaafu.

Mwaka huu, nilipokabidhi funguo, nilikwenda Mwandoya moja kwa moja. Mama ni mzee sana sasa, macho yale yale. Siku ya tatu au ya nne tukiwa uani, mchana, akaja Mzee Nkwabi na fimbo, pole pole, na msichana nyuma yake na mwanamke nyuma ya msichana. Moyo wangu ulipiga kama vile mimi bado ni yule binti wa mtama. Lakini alikuwa na bahasha tu. Msichana ni mjukuu wake, Kabula, amemaliza kidato cha sita. Amechaguliwa kusomea uhasibu, na wana njia mbili mkononi: chuo kikuu Dodoma au chuo cha Mwanza. Wanaomba nimshauri.

Nawaambia ukweli, nilifurahi. Nilimweka yule binti chini nikamweleza yote niliyowaandikia hapo juu na zaidi: mkopo unavyoombwa, masomo gani atasamehewa na bodi akimaliza shahada, asikae muda mrefu kabla ya kuanza mitihani. Aliuliza maswali mazuri. Ni mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi. Nilisema aende Dodoma.

Nkwabi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anachora chini kwa fimbo. Nilipomaliza, akasema bila kunitazama, akiniita kwa jina langu la utotoni, "Minza, wewe ulimhamisha mama yako."

"Ndiyo."

"Mbuzi wamekufa wengi mwaka huu," alisema. Akaelekeza kidevu kwa yule mwanamke aliyekuwa amesimama mbali, karibu na mlango wa zizi tupu, mkwe wake, mjane wa mwanawe, mama wa msichana. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi. "Huyu binti akienda, watu wataanza kuuliza anasomea nini. Mama yake nimpeleke wapi?"

Hasira niliyoibeba tangu usichana ilinipanda. Kumbe alijua. Alijua wakati ule tunakimbia kitu gani, alijua kwamba kupika kulikuwa kisingizio, na miaka yote alikuwa anatusalimia. Nilifungua mdomo kumwambia ampeleke kwa yule mganga wake. Nikamwona anavyogeuka kutazama kama kuna mtu njiani. Alikuwa anaogopa kama tulivyoogopa sisi, wala hofu yake haikunipa raha niliyodhani ingenipa.

Mama alikuwa anachambua kunde. Aliweka ungo chini.

"Aje kwangu," alisema.

"Mayu," nikasema, "hujui unachosema."

 Mama akamwita yule mwanamke asogee, naye akasogea, akakaa kwenye ukingo wa mkeka. Kisha mama akanyoosha mkono. Alinionyesha mimi kwa kidole, akajigusa kifua chake, akamwonyesha yule mwanamke, polepole, kila mmoja kwa zamu yake, na sauti yake ikasikika mpaka kwa majirani.

"Moja," alisema. "Mbili. Tatu. Nkwabi, kawaambie tuko watatu."